Minyoo Weupe Wadogo Katika Matangi ya Samaki Majumbani

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama, katika semina ya vyama wanachama vya Kanda ya Ziwa)



Mkaguzi anapoitwa kuzungumza, watu hutazamia kusikia habari za vitabu vya hesabu, stakabadhi zisizoonekana na mikopo iliyolala. Leo nimepewa kazi nyingine. Makatibu watatu wa vyama vya akiba na mikopo wameleta swali moja, kila mmoja kwa barua yake, nalo ni hili: mwanachama aliyekopa fedha akanunua tangi la kioo na samaki wa mapambo afanye nini anapoona minyoo wadogo weupe wakitambaa kiooni? Katibu mmoja akaongeza: na kamati ifanye nini mwanachama huyo anapogoma kulipa deni kwa sababu ya minyoo hao?

Natambua kwamba wako miongoni mwenu wanaocheka kimoyomoyo. Wasicheke sana. Fedha iliyokopwa ni fedha ya wanachama, iwe imenunua ng'ombe au imenunua samaki mwenye urefu wa kidole. Tena ufugaji huu si mchezo wa matajiri peke yao. Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika wamekuwa wakivuliwa Kigoma kwa miaka mingi na kupelekwa Ulaya na Marekani kuwekwa katika matangi ya watu. Ziwa lile lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Hapa mijini kwetu vijana wanazalisha gapi na samaki wa dhahabu nyuma ya nyumba na kuwauza. Kwa hiyo anayeuza anategemea jina lake, na anayenunua anataka samaki walio hai. Minyoo ikionekana, vyote viwili huingia mashakani, na mara nyingi bila sababu.

Nianze na la kwanza, yaani kuwafahamu minyoo wenyewe. Mtu akiniambia ana minyoo katika tangi, ninamwuliza kama ninavyouliza katika hesabu: umeona nini, wapi, na saa ngapi? Chukua tochi, zima taa ya chumba, ngoja nusu saa baada ya giza kuingia, kisha mulika kioo na changarawe. Kama una kioo cha kukuzia, kile cha kusomea maandishi madogo, ni bora zaidi.

Wengi mtakaowaona ni wembamba kama uzi wa kushonea, weupe au wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji, wenye urefu wa milimita chache hadi sentimita moja au zaidi. Wakitikiswa huogelea kwa kujipinda na kujinyoosha. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona mwili umegawanyika katika pingili ndogo ndogo, na pengine vinyweleo pembeni. Hawa ni jamaa wa nyungunyungu wa shambani. Kazi yao majini ni ile ile ya nyungunyungu katika udongo: kula mabaki yaliyooza. Hawamng'ati samaki, hawamwingii mwilini, wala hawamdhuru mtu. Wako wengine wembamba zaidi, wasio na pingili, wanaojirusha huku na huku kwa umbo la herufi S kana kwamba wanapigwa mjeledi. Hao ni wa kundi linaloitwa nematodi, na wale wanaoishi huru katika changarawe nao hula uchafu tu.

Kundi la tatu ni planaria. Huyu ni bapa kama utepe, hatapitapi wala hajirushi. Huteleza kiooni polepole kama tone la mafuta, na kichwa chake kina pembe kama ncha ya mshale, chenye macho mawili meusi. Ukimwona huyo, weka alama pembeni, maana nitamrudia.

Aidha, msichanganye mambo. Uzi mwekundu unaoning'inia nyuma ya samaki, sehemu ya kutolea choo, huyo ndiye mnyoo aliyemo mwilini mwa samaki, naye ni ugonjwa wa kweli. Kijiti cheupe kilichochomekwa katika ngozi ya samaki, chenye kidonda chekundu mahali kilipoingilia, ni mdudu wa jamii ya kamba ambaye wengi humwita mnyoo kwa makosa. Na nukta nyeupe kama chembe za chumvi mwilini mwa samaki ni ugonjwa mwingine kabisa. Katika hali hizo tatu mwenye tangi amwone Afisa Uvuvi au daktari wa mifugo mapema. Lakini minyoo aliyeko kiooni na katika changarawe, huku samaki wote wana ngozi safi, wanakula na kuogelea vizuri, si ugonjwa wa samaki.

Basi ametoka wapi? Aliingia na majani ya majini, au na changarawe, au na maji kidogo yaliyokuja na samaki katika mfuko wa nailoni. Karibu kila tangi lililokaa miezi kadhaa linao wachache, na mwenyewe hajui kwa kuwa wanajificha chini. Swali linalofaa ni kwa nini wachache wamekuwa maelfu, na kwa nini wametoka mafichoni mchana.

Jibu la swali hilo liko katika mkono unaolisha. Samaki mdogo ana tumbo dogo. Mtu anarusha pande la ugali, au makombo ya mkate, au unga wa dagaa kijiko kizima. Samaki wanakula sehemu ndogo, na sehemu kubwa inashuka kati ya mawe ya changarawe na kuoza. Kwa minyoo hiyo ni karamu isiyokwisha. Wengi wa jamii hii ya nyungunyungu hawana haja hata ya kutafuta mwenzi: mwili mmoja hujigawa ukawa miili miwili, na miwili ikawa minne. Chakula kikizidi, nao huzidi. Tena kinachooza hutumia oksijeni iliyomo majini. Maji ya uvuguvugu hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na matangi yetu mengi yanakaa karibu na dirisha lenye jua. Oksijeni inapopungua chini, minyoo hupanda kiooni kutafuta nafuu. Mwenye tangi huwaona siku hiyo akadhani wameingia jana.

Nitaeleza kisa kimoja kilichonifikia kazini, bila kutaja chama wala majina. Mwanachama mmoja, fundi cherehani, alinunua kwa mwanachama mwenzake tangi na samaki 12, akalipa nusu, na nusu iliyobaki ikaandikwa ilipwe kwa miezi minne kupitia chama. Mwezi wa kwanza alilipa. Wiki ya saba aliona kioo kimejaa nyuzi nyeupe zinazotembea. Jirani yake akamshauri mrututu, ule ule wa kupulizia kahawa, akatia kijiko. Asubuhi samaki wote 12 walikuwa wameelea. Akaja kwa katibu na barua kali: ameuziwa samaki wenye minyoo, hatalipa hata senti, na anataka arudishiwe alizokwisha kulipa. Katika muhtasari wa kikao cha kamati nilikuta sentensi imeandikwa kwa wino mwekundu, kwamba "muuzaji aliuza mali yenye ugonjwa." Hakuna aliyekwenda kutazama.

Tulikwenda, katibu na mimi. Kwanza nyumbani kwa muuzaji. Tulizima taa, tukamulika matangi yake manne. Katika matangi yote manne walikuwamo minyoo wa aina ile ile, mmoja hapa, wawili pale, na samaki wake walikuwa wakizaa. Kisha tukaenda kwa fundi. Tangi lilikuwa bado na maji ya kibuluu. Nilichota changarawe kwa kikombe: ilikuwa nyeusi na yenye harufu ya yai lililooza. Tulipouliza nani hulisha samaki, tulipata kwamba baba alilisha asubuhi kabla ya kwenda kazini, mama mchana, na watoto kila walipotoka shuleni, kila mmoja akiamini kwamba wengine wamesahau. Chakula chao kilikuwa ugali. Wakati wote huo hapakuwa na mtu aliyebadilisha maji, kwa kuwa yalionekana meupe.

Kamati ilibadili uamuzi wake na kumwamuru fundi alipe deni lote. Katika hilo sikukubaliana na kamati moja kwa moja, na nilisema hivyo. Deni ni deni, na samaki waliuawa na mrututu, si na minyoo. Lakini muuzaji alikuwa na wajibu wa kumwambia mnunuzi asiyejua kitu kiasi cha chakula na siku za kubadilisha maji, kama vile anayeuza ndama wa maziwa anavyoeleza majani na maji. Stakabadhi yake ilikuwa na bei na tarehe tu. Nilipendekeza wagawane hasara ya samaki. Wajumbe walipiga kura, na pendekezo langu lilishindwa. Fundi alilipa hadi mwisho, na tangi akaligeuza kabati la kuwekea nyuzi.

Sasa tuje kwenye matengenezo, ambayo kwa hakika yangemgharimu fundi yule muda wake tu. Jambo la kwanza ni kuacha kulisha siku mbili au tatu. Msiogope: samaki mzima mwenye afya hafi kwa siku hizo, na wengi wataanza kuwadona minyoo wenyewe, maana ni chakula kizuri kwao. Baada ya hapo alishe mtu mmoja, mara moja kwa siku, kiasi kinachomalizika mbele ya macho yake katika dakika mbili au tatu. Kinachobaki kitolewe. Ugali na mkate viachwe kabisa. Dagaa waliosagwa vizuri wanafaa, kwa ncha ya kidole.

Jambo la pili ni kutoa uchafu uliokwisha kushuka. Makatibu mnapenda hesabu, basi tuifanye. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30 linachukua sentimita za ujazo 54,000, yaani lita 54. Robo yake ni lita 13 na nusu, ambayo ni kama theluthi mbili za ndoo yetu ya lita 20. Hicho ndicho kiasi cha kutoa kila wiki. Msikitoe kwa kikombe juu juu. Chukueni mpira wa kunyonyea maji, ujazeni maji kwanza ili msiunyonye kwa mdomo, ncha moja ichomekwe ndani ya changarawe na nyingine iwe kwenye ndoo iliyo chini. Maji yatatoka na taka nyeusi pamoja na minyoo wenyewe kwa mamia. Wiki hii safisheni upande mmoja, wiki ijayo upande wa pili. Maji hayo machafu ni mbolea njema kwa mchicha. Yamwagwe bustanini, wala yasipelekwe ziwani, na majani ya tangi hali kadhalika; gugumaji lililotusumbua katika Ziwa Victoria nalo lilisafirishwa duniani na watu waliolipenda kwa maua yake.

Maji mapya ya bomba yana klorini. Yaachwe katika ndoo iliyo wazi usiku na mchana mmoja ndipo yatiwe.

Hapa nataka kukemea desturi moja, yaani kumwaga maji yote, kuchemsha changarawe na kusugua kila kitu kwa sabuni. Mtu anadhani ameanza upya kwa usafi, kumbe ameharibu kilichokuwa kikiwalinda samaki. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yao, na chakula kinachooza hutoa amonia zaidi. Amonia ni sumu. Katika changarawe na katika sponji ya chujio wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga katika tangi jipya. Ukiwaua kwa maji ya moto, samaki uliowarudisha watakaa katika sumu yao wenyewe. Hata sponji ya chujio isioshwe bombani. Ikamuliwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Tangi lenye minyoo wengi na bakteria wake ni rahisi kulitengeneza kuliko tangi jeupe lisilo na kitu.

Kuhusu dawa nitasema kwa ukali kidogo. Mrututu una shaba, na shaba huua konokono na kamba upesi, na samaki pia, hasa katika maji yasiyo na chokaa nyingi. Dawa za minyoo za ng'ombe na mbuzi, kama levamisoli na fenbendazoli, ni kweli hutumika kwa samaki katika magonjwa fulani, lakini hupimwa na mtu anayejua, kwa lita za maji. Hazikutengenezwa kumiminwa kwa kifuniko cha chupa. Zaidi ya hayo, mkiwaua minyoo elfu kumi kwa usiku mmoja mmefanya nini? Mizoga elfu kumi inaoza katika lita 54 za maji. Amonia inapanda, oksijeni inashuka, na samaki walionusurika na dawa wanakufa kwa maiti za minyoo. Na chakula kilichooza bado kiko pale pale kikingoja kizazi kingine.

Nilisema nitamrudia planaria. Kwa samaki wakubwa si adui, lakini kwa anayezalisha ni hasara, maana usiku hula mayai ya samaki, na anayefuga kamba wadogo atawapoteza vichanga wake. Msimsugue kiooni kwa wembe, kwa kuwa kipande cha planaria kinaweza kukua kikawa planaria mzima. Ategwe. Chupa ndogo yenye kifuniko chenye matundu membamba itiwe kipande cha nyama mbichi ukubwa wa punje ya mahindi, ilazwe chini taa zinapozimwa, itolewe alfajiri ikiwa na waliomo ndani. Hayo yarudiwe kila usiku mpaka chupa itoke tupu, huku chakula kikipunguzwa kama nilivyosema. Ni kazi ya subira, lakini nimeona vijana wa chama kimoja wakiimaliza bila kununua dawa yoyote.

Limebaki jambo ambalo kwangu ni zito kuliko minyoo yote niliyoitaja. Katibu mmoja aliandika kwamba wanachama wake wanaogopa kuwa minyoo wa kiooni ni kichocho. Sivyo. Kimelea cha kichocho kinachoingia katika ngozi ya mtu ni kidogo mno. Urefu wake haufiki milimita moja, na hakitambai kiooni. Lakini woga huo una kiini cha ukweli, nao uko kwa konokono. Katika ukanda huu wa ziwa wapo watu wanaochota konokono na majani kando ya maji na kuyatia tangini, ili konokono wale minyoo na uchafu. Konokono wa majini wa aina fulani, akiwa tayari ameambukizwa na choo au mkojo wa mtu mwenye kichocho, huendelea kutoa vimelea hivyo kwa mamia kila siku, kwa wiki nyingi. Mtoto anayetia mkono katika tangi hilo kucheza na samaki ni sawa na aliyeoga pale walipookotwa.

Kwa hiyo konokono wa ziwani, mtoni na bwawani asiingie katika tangi la nyumbani kwa hali yoyote. Majani yanunuliwe kwa mtu aliyeyakuza mwenyewe, na hata hayo yachunguzwe upande wa chini, mahali konokono hutaga mayai yake kama utelezi mwangavu. Konokono aliyeanguliwa ndani ya tangi hana kichocho, kwa kuwa hakukutana na choo wala mkojo wa mgonjwa. Na maji ya ziwani, kama hapana budi kuyatumia, yachujwe kwa kitambaa na yakae katika chombo kisicho na konokono kwa siku mbili kamili, maana vimelea visivyompata mtu hufa ndani ya muda huo. Yeyote aliyekwisha kutia konokono wa namna hiyo apimwe yeye na watoto wake katika zahanati. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, na kukichelewesha ndiko kunakoharibu ini na kibofu.

Kwa upande wa vyama, naomba makatibu mfanye mambo mawili. Mkopo wa tangi unapoidhinishwa, karatasi ya mauzo iwe na mistari michache ya maelezo ya muuzaji: chakula gani, kiasi gani, maji yabadilishwe lini, nayo itiwe sahihi na wote wawili. Na malalamiko yakija, wajumbe wawili waende na tochi kabla ya kalamu kugusa muhtasari. Watazame samaki mmoja mmoja, wachote changarawe, waulize nani hulisha.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Kwenye meza ile karibu na mlango nimeweka chupa tatu za kioo na kioo cha kukuzia. Ya kwanza ina wale jamaa wa nyungunyungu, ya pili ina planaria wawili, na ya tatu ina maji matupu ya bomba kwa kulinganisha. Tazameni kwa zamu kabla ya chai, na anayetaka kuona mpira wa kunyonyea unavyofanya kazi anisubiri nje kwenye lile pipa la maji ya mvua.